Nilipata F ya hisabati, na sasa nimepangiwa kuifundisha

Swali:

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti, mwanachuo wa mwaka wa pili, stashahada ya ualimu wa elimu ya msingi. Baada ya wiki tatu tunakwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, na nimepangiwa Hisabati darasa la V na Sayansi darasa la IV. Kidato cha nne nilipata F ya hisabati na D ya fizikia. Wiki iliyopita tulikuwa tunafundishana wenyewe kwa wenyewe chuoni, mimi nikafundisha kugawanya sehemu. Mwenzangu aliyejifanya mwanafunzi akauliza: 'Mwalimu, kwa nini sehemu ya pili tunaigeuza?' Nikasema ndiyo kanuni, unageuza kisha unazidisha. Akauliza tena. Nikakaa kimya, darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo nikifungua kitabu cha hisabati tumbo linanisokota. Je, niombe kubadilishiwa nipewe Kiswahili, ambacho nakiweza? Kama siyo, nitajengaje kujiamini ndani ya wiki tatu?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na hilo ombi la kubadilishiwa somo: usiliombe. Najua Kiswahili kingekupa mazoezi ya raha, lakini mazoezini ndiko mahali pekee utakapokosea huku mwalimu wa somo amekaa nyuma ya darasa, tayari kukunong'oneza kengele ikigongwa. Ukishaajiriwa unaweza kupelekwa shule yenye walimu watano na madarasa saba, na mwalimu mkuu atakukabidhi vipindi kama anavyokukabidhi chaki. Hatakuuliza kidato cha nne ulipata nini. Bora uogope sasa, ukiwa na mtu wa kumwuliza.

Halafu hiyo F. Mwaka baada ya mwaka matokeo ya Baraza la Mitihani (NECTA) yanaonyesha kwamba wanaofaulu hisabati kidato cha nne hawafiki theluthi ya waliofanya mtihani. Hebu kifanyie hesabu kile chumba kilichokucheka: huenda wengi wao wana F kama yako, ila wao hawakuulizwa swali siku ile. Hata huyo aliyekuuliza namshuku. Na wewe hukupangiwa kufundisha logi wala trigonometria. Umepangiwa sehemu, desimali, maumbo na vipimo, mambo uliyoyasoma ukiwa na miaka kumi na moja.

Tena kuna jambo ambalo wanachuo wetu wengi hawalitambui. Sehemu ulijifunza kwa Kiswahili darasa la V. Kisha ukaenda sekondari, miaka minne hesabu zote kwa Kiingereza. Sasa unarudi kusimama mbele ya watoto wanaofundishwa kwa Kiswahili. Nimewaona wanachuo wakigeukia ubao wasikumbuke kwamba namba ya juu ya sehemu ni kiasi na ya chini ni asili, au wakachanganya kigawe na kigawo. Vigawe vya 4 ni 4, 8, 12 na kuendelea. Vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12. Mwanachuo anababaika kati ya KDS (kigawe kidogo cha shirika) na KKS (kigawo kikubwa cha shirika), watoto wanaona mwalimu hajui hesabu, kumbe hajui neno. Hili ni tatizo la jioni moja tu. Chukua kitabu cha mwanafunzi, andika kila istilahi iliyomo kwenye mada zako pamoja na mfano mmoja wa namba, kisha zisome kwa sauti. Kwa sauti kweli, si kwa macho. Mdomo nao unahitaji kuzizoea.

Sasa kujiamini. Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kuhusu imani ya mtu kwamba jambo fulani analiweza, akaeleza inatoka wapi. Chanzo chenye nguvu kuliko vyote ni kwamba umeshalifanya jambo lenyewe likafanikiwa. Kinachofuata ni kumwona mtu wa kiwango chako akilifanya. Maneno ya kutiwa moyo yako nyuma huko. Ndiyo maana sitakuandikia "jiamini, unaweza". Ungeyasoma maneno hayo leo usiku ukafarijika, na kesho asubuhi yule mwenzako akauliza lile swali tena, ungekaa kimya vilevile. Kinachokosekana ni jibu la swali lake, basi tulitafute.

Chukua kilo moja na robo tatu ya sukari. Unataka kuipima katika vifuko vya nusu kilo. Utapata vifuko vingapi? Hiyo ndiyo 1¾ ÷ ½. Usiguse kanuni, pima. Kifuko cha kwanza nusu kilo, cha pili nusu kilo, umemaliza kilo nzima. Cha tatu nusu kilo. Imebaki robo. Robo kilo inajaza nusu ya kifuko. Jibu ni vifuko vitatu na nusu, 3½.

Rudi uangalie vizuri, maana hapa ndipo watoto watakapokukamata. Wengi watasema jibu ni vitatu na robo, kwa sababu kilichobaki ni robo na wamekiona kwa macho yao. Hawajakosea kuona. Kilichobaki ni robo ya kilo, lakini swali liliuliza vifuko, na robo ya kilo ni nusu ya kifuko. Mwalimu asiyelijua hili atamwekea mtoto mkasi, ile alama ya kukosa, na kusonga mbele. Mwalimu anayelijua atauliza: "Robo ya nini?" Swali fupi kama hilo litakufaa kuliko nusu ukurasa wa maelezo.

Na kugeuza je? Kila kilo moja inatoa vifuko viwili vya nusu. Una kilo 1¾, basi una 1¾ mara 2. Ndiyo sababu kugawanya kwa ½ kunaleta jibu lile lile la kuzidisha kwa 2. Jaribu na kifuko cha theluthi mbili za kilo. Kilo moja inajaza kifuko kimoja, inabaki theluthi moja, nayo ni nusu ya kifuko. Kwa hiyo kilo moja inatoa kifuko kimoja na nusu, yaani 3/2. Umeona? Ile sehemu iliyogeuzwa si uchawi, inakwambia kilo moja inatoa vifuko vingapi. Ukishajua kilo moja inatoa vingapi, unazidisha kwa idadi ya kilo ulizonazo. Basi, hakuna kingine.

Lugha yetu nayo ina mtego wake hapa. Mtaani tukisema "tugawane nusu kwa nusu" tunamaanisha kugawa kwa watu wawili, kila mmoja apate nusu. Mtoto akisikia "gawanya kwa nusu" anakwenda huko moja kwa moja: 6 ÷ ½ anaandika 3. Kwa hiyo katika vipindi vyako vya mwanzo jiepushe na "gawanya kwa nusu" tupu. Sema, "Katika sita zimo nusu ngapi?" Zimo kumi na mbili. Hata mtoto wa mwisho nyuma atahesabu chapati sita zilizokatwa katikati.

Hesabu hii ya 1¾ ÷ ½ sikuichagua ovyo. Mtafiti Liping Ma, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1999, aliitoa kwa walimu wa shule za msingi, 23 wa Marekani na 72 wa China. Wachina wote 72 walipata jibu. Kwa Wamarekani, waliofikia jibu kamili hawakufika nusu. Walipoombwa watunge mfano wa maisha unaoeleza hesabu hiyo, Wamarekani karibu wote walikwama, na wengi walitunga mfano wa kugawana watu wawili. Mtego ni ule ule uliokuwa ukikungoja wewe.

Ila kinachonifanya niutaje utafiti huo ni jambo jingine. Walimu wale wa Marekani walikuwa na digrii. Wengi wa wale Wachina walisoma hadi darasa la tisa, kisha miaka miwili au mitatu ya chuo cha ualimu. Wewe umekaa darasani miaka mingi kuliko wao. Walichokuwa nacho ni mazoea ya kukaa na kitabu cha mwanafunzi wakikichambua ukurasa kwa ukurasa, na kuulizana wao kwa wao: mfano huu umewekwa hapa kwa nini, mtoto atakwama wapi? Hawakurudi kusoma hisabati za juu ili waweze za chini. Kwa hiyo kama ulikuwa unawaza kujiandikisha masomo ya jioni urudie hisabati ya kidato cha nne, si jambo baya, lakini halitakusaidia wiki tatu zijazo.

Kitakachokusaidia ni madaftari. Ningekuwa na dakika tano tu za kuzungumza nawe, zote ningezitumia hapa. Ukishaijua shule yako, nenda siku mbili tatu kabla ya ratiba, umwombe mwalimu wa somo akuazime madaftari ya hisabati ya darasa utakalofundisha. Usiombe ya wale wanaopata vyema zote. Omba rundo kama lilivyo, thelathini au arobaini. Kaa chini ya mwembe, angalia mikasi peke yake. Kwa kila mkasi jiulize mtoto huyu alikuwa anawaza nini. Watoto hawakosei ovyo, kwa kawaida kosa lina akili yake.

Utakuta mtoto kaandika 402 − 178 = 376. Ukimwita mzembe umepoteza nafasi. Angalia: nane huwezi kuitoa kwenye mbili, basi yeye katoa mbili kwenye nane, akapata sita. Saba na sifuri, saba. Nne toa moja, tatu. Kila safu katoa ndogo kwenye kubwa. Amefuata kanuni, ila ni kanuni aliyojitungia. Utakuta mwingine kasema 0.35 ni kubwa kuliko 0.5, kwa sababu 35 ni kubwa kuliko 5. Huyo mpe rula ya mita: 0.5 ni sentimita 50, 0.35 ni sentimita 35, ashike kwa mkono. (Zamani tungemwonyesha kwa shilingi na senti. Siku hizi senti hakuna anayeijua, na desimali zimebaki bila mfano wa dukani. Nadhani hilo limetugharimu zaidi ya tunavyokiri.) Utakuta pia ½ + ⅓ = 2/5, juu kajumlisha na juu, chini na chini. Kabla hujamfundisha KDS, mwulize: ulikula nusu chapati, ukaongezwa theluthi, sasa umekula kiasi gani? Mbili ya tano ni ndogo kuliko nusu. Inawezekana umeongezwa chakula ukawa umekula kidogo zaidi ya mwanzo? Mwache ashangae kwanza. KDS inaingia vizuri kwa mtoto aliyeshangaa.

Ukishapitia daftari la kumi na tano utaona makosa yameanza kujirudia. Ukifika la thelathini utakuwa na aina nne au tano tu kwa kila mada. Hayo ndiyo maswali utakayokutana nayo Jumatatu. Unajua hofu yako hasa ni ya nini? Si ya hisabati. Ni ya kushtukizwa mbele za watu. Mwalimu aliyeyaona makosa ya watoto kabla hayajatokea hashtukizwi kirahisi, na watoto humwona mtulivu, nao wakimwona mtulivu hutulia. Kwenye andalio la somo ninyi mnajaza hatua, vitendo vya mwalimu, vitendo vya mwanafunzi, tathmini, kwa mwandiko mzuri ili mkufunzi afurahi. Wewe ongeza pembeni kwa penseli: "watasema 3¼, niulize robo ya nini." Mistari mitatu ya hivyo itakubeba kipindi chote cha dakika 40.

Pamoja na madaftari, fanya mwenyewe kila zoezi la sura unayoifundisha. Yote, hadi namba ya mwisho, kwa mkono, bila kikokotoo na bila kuangalia majibu. Si kwa sababu hujui. Unatafuta pale kalamu inapositasita. Ukisitasita kwenye namba 7, mtoto naye atasita hapo, na usipoifanya namba 7 nyumbani utaifanya ubaoni huku macho 90 yanakutazama. Mimi nimefundisha sehemu miaka zaidi ya ishirini na bado nafanya hivyo nikikaribishwa kufundisha mahali.

Sasa nikueleze aibu yangu, maana umenieleza yako. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipewa Sayansi. Mimea nilifundisha, wanyama, usafi wa mwili, hata maji. Mada ya umeme ikifika naisogeza. Nikasema tutaifanya baada ya likizo fupi. Baada ya likizo nikasema vifaa hakuna. Wiki mbili kabla ya mtihani nikajaza ubao notisi kutoka kushoto hadi kulia, nikawaambia wanakili kimya kimya, na mtoto aliyenyoosha mkono nikamwambia ashushe, hakuna muda wa maswali. Ukweli ni kwamba nilikuwa sijawahi kuwasha balbu kwa betri na waya. Nilikuwa najua sentensi za kitabuni tu.

Nakueleza hivi ili uitambue hofu ikija, kwa sababu ni nadra ije kwa jina lake. Inakuja kama notisi ndefu. Inakuja kama "mada hii mtaikuta mbele ya safari". Wakati mwingine inakuja kama ukali: mwalimu anayegombeza kila anayeuliza, mwenye fimbo mkononi tangu salamu, mara nyingi ukimchunguza utakuta kuna kitu kwenye somo lile asichotaka kuulizwa. Sisemi kila mwalimu mkali ni mwoga. Lakini kipindi ambacho utajikuta unataka watoto wanyamaze kuliko kawaida, jioni yake jikague.

Nilivyotoka kwenye umeme ni hivi. Mwalimu mwenzangu, mama mmoja aliyekuwa akifundisha darasa la chini yangu, alinipa betri moja ya tochi, balbu ndogo ya tochi na kipande cha waya mmoja, akaniambia, "Haya, iwashe." Nikaiweka balbu juu ya betri, nikagusa. Kimya. Nikafunga waya kutoka betri hadi balbu. Kimya. Nilikuwa nawaza umeme kama maji ya bomba: bomba moja likifika, maji yanatoka. Yeye akacheka, si kama walivyokucheka wewe, akaniambia niangalie kile kitako cha balbu. Kuna nukta chini kabisa na kuna ule ubavu wa chuma wenye hesi, ni sehemu mbili tofauti. Umeme unaingilia kwenye moja na kutokea kwenye nyingine, na lazima njia irudi hadi upande wa pili wa betri. Nikasimamisha balbu kitako chake kikigusa kichwa cha betri, nikaupeleka waya kutoka ubavuni mwa balbu hadi chini ya betri. Ikawaka. Mtu mzima, mwalimu, nikafurahi kama mtoto. Na waya wa pasi nyumbani unaonekana mmoja, lakini ndani ya ule mpira kuna nyaya mbili au tatu. Ile picha ya bomba ndiyo inayotudanganya wengi.

Fanya hivyo wewe na wenzako wiki hii, bwenini, kabla ya taa kuzimwa. Nunueni betri na balbu, na umeme wa ukutani msiuguse kabisa. Kila mmoja ajaribu bila kuonyeshwa, na mkumbuke kila mpangilio ulioshindwa, kwa sababu watoto wa darasa la IV watajaribu mipangilio hiyo hiyo. Ukishashindwa mara nne ukawasha mara ya tano, una kipindi kizima kichwani na hutakisahau. D ya fizikia haina la kusema hapo.

Kuna kipindi utaulizwa kitu usichokijua pamoja na maandalizi yote. Yule mwenzako alipokuuliza mara ya pili ulikaa kimya. Sijui kama ungekuwa na sentensi moja mfukoni ungekaa kimya. Iandae sasa: "Swali hilo ni zuri, liandikeni pembeni mwa ubao, kesho tutaanza nalo." Kisha kesho uanze nalo kweli. Ukilisahau mara mbili, watoto watajua ni njia yako ya kukimbia, nao watoto ni mahakimu wagumu. Na usilitumie kila siku, maana mwalimu wa "kesho" kila swali naye hajajiandaa.

Lakini hapa nikutofautishie mambo mawili. Kukiri kwamba swali fulani hulijui ni sawa. Kuwaambia watoto "hata mimi hisabati zilinishinda" si sawa, hata kama ni kweli, hata kama unasema kwa upole ili wasijisikie vibaya. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwafuatilia walimu wa kike wa darasa la kwanza na la pili. Kadiri mwalimu alivyokuwa na hofu zaidi ya hisabati, ndivyo ilivyoelekea kwamba mwisho wa mwaka wasichana katika darasa lake waliamini hisabati ni ya wavulana, na wasichana walioamini hivyo hisabati yao ilikuwa chini kuliko ya wenzao. Wavulana hawakuonekana kuguswa. Nawe umeniandikia ukiwa binti. Wale wasichana watakutazama wewe kuliko wanavyoutazama ubao. F yako iache chuoni.

Kuhusu wiki tatu, sikupangii ratiba ya saa kwa saa, kila chuo kina mambo yake. Wiki ya kwanza fanya istilahi na mazoezi ya sura mbili tu za mwanzo, usijaribu kumaliza kitabu. Kitabu chenyewe kama huna, Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni, unasoma bure kwa simu. Wiki ya pili ni ya betri, sukari na kukunja karatasi, pamoja na mtu wa kukuuliza maswali. Wiki ya tatu ni madaftari. Ikitokea shule yako haijulikani mapema, chuo chenu kama kina shule ya mazoezi jirani, madaftari ya huko yatatosha. Makosa ya watoto wa darasa la V yanafanana toka Bukoba hadi Masasi.

Ukifika shuleni, siku mbili za kwanza usifundishe kama wataruhusu. Kaa nyuma ya darasa, lakini usikae kwenye kiti cha mgeni karibu na mlango. Banana na watoto kwenye dawati. Kutoka pale utasikia wanavyonong'onezana jibu, utaona nani ananakili kwa nani, na utaona mwalimu mzoefu akiulizwa kitu asichokitarajia anafanyaje na mikono yake. Halafu mwombe jambo moja: kama darasa la V lina mikondo miwili, akuachie kipindi kile kile kwa A na kwa B. Utafundisha A, utaharibu mahali, utakuwa na muda wa mapumziko ya uji kurekebisha, kisha utafundisha B. Hicho kipindi cha B ndicho nilichokuwa nakieleza nilipomtaja Bandura. Umefanya, ukakosea, ukarudia saa ile ile, ikaenda. Hakuna semina inayokupa hicho. Na kama shule ina vikao vya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini), usiogope kuhudhuria kwa sababu ni mwanachuo. Peleka lile daftari lenye 376, uwaulize walimu wa pale huwa wanalifanyaje. Utaona wanavyoanza kubishana.

Mkufunzi atakuja kukukagua, huenda siku usiyoitarajia. Ataketi nyuma na fomu yake. Nimekaa kwenye kiti hicho miaka mingi, nikuambie tunachokiangalia. Kusitasita kidogo mwanzoni tunakusamehe, hata mkono unaotetemeka na chaki. Kinachotukera ni mwanachuo anayepata jibu lisilo sahihi kutoka kwa mtoto, akaliruka kama hajalisikia, akamnyooshea kidole mwingine mpaka apate alilolitaka, kisha akasema "mpigieni makofi". Ukimrudia yule wa kwanza ukamwuliza "umepataje?", hata kama wewe mwenyewe moyo unadunda, mimi kalamu yangu inaandika vizuri.

Kiingereza nacho najua kinakutisha, ingawa hukukitaja, maana sijakutana na mwanachuo kisichomtisha. Hicho tukiache hadi utakaporudi.

Na yule mwenzako aliyekuuliza kwa nini tunageuza, mtafute kabla hamjaondoka. Mchukulie sukari kilo moja na robo tatu, vifuko vya nusu kilo, na mzani kama mtaupata kwa mpishi wa chuo. Apime mwenyewe. Akimaliza mwulize: kilichobaki ni robo, mbona jibu linasema nusu? Akikaa kimya, mpe dakika yake.